Mfuko wa Karatasi Zilizoharibika

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu, kisha akampa subira ya kurudia alipokosea. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na kila aliyebeba neno jema kutoka mlango mmoja hadi mwingine bila kulipunguza. Namshukuru Mola wangu kwamba macho bado yanaona mstari, na mkono, ingawa umezeeka, bado unanitii. Ninayoyasimulia niliyaona mwenyewe. Palipo na kosa, kosa ni langu, na msomaji ataona kwamba kosa kubwa katika habari hii lilikuwa langu kweli.

Kwa miaka mingi sikuwa na nyumba. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Mke wangu alifariki mwanzoni mwa miaka ya tisini, watoto hatukujaaliwa, na nyumba tuliyokuwa tumepanga Mikindani ikawa kubwa kuliko haja yangu. Niliirudisha kwa mwenyewe, nikafunga vitu vyangu nyuma ya baiskeli, nikaanza kufundisha dini vijijini. Nilikaa Mpapura siku arobaini hivi, nikaenda Msimbati, upande wa Mnazi Bay, nikashuka hadi vijiji vinavyotazamana na mto Ruvuma, nikarudi mjini, kisha nikaanza upya. Nililala katika chumba cha yeyote aliyenikaribisha, na pasipokuwa na chumba nililala barazani kwa msikiti. Watu waliponiuliza, "Shehe, kwako hasa ni wapi?" niliwaonyesha kiti cha baiskeli, wakacheka, nami nikacheka nao.

Mtu anayeishi njiani huchagua vitu vyake kwa uzito. Nilikuwa na kanzu mbili, birika la kutawadhia, msahafu, na kitabu kimoja kilichoandikwa kwa mkono.

Kitabu hicho kiliandikwa na mwalimu wangu, Mungu amrehemu. Kilikuwa na kurasa sabini na mbili za wino mweusi uliokwisha kugeuka kahawia. Kilieleza jinsi ya kumwosha maiti, kumvisha sanda, kumswalia na kumzika, hatua kwa hatua. Herufi zake zilikuwa za Kiarabu na maneno yake yalikuwa yetu, tena yale ya zamani, Kimgao, yaliyosemwa Mikindani mwalimu wangu alipokuwa kijana. Siku hizi ukimsikia mtu anayasema, ujue ni mzee sana. Nilichokipenda ni kwamba mwalimu hakuandika kama mtoa amri. Aliandika kama mtu aliyesimama kando ya kitanda cha kuoshea. Maji yawe vuguvugu, kama unayomwogeshea mtoto. Kichwa kisiachwe kikaning'inia. Utakachokiona mwilini mwa marehemu, usitoke nacho mlangoni.

Kitabu kilikuwa cha binti yake. Alikuwa amenizidi miaka, kwa hiyo nilimwita dada, naye aliniita mdogo wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaongoza wanawake waosha maiti wa Mikindani. Siku niliyokwenda kumuaga alikitoa kitabu kabatini akanipa.

"Baba hakukiandika kikae humu," alisema. "Kila kijiji utakachofika, waachie wanawake wanaoosha nakala moja. Lakini hiki chenyewe kirudi. Umenisikia, mdogo wangu? Kirudi."

"Kitarudi, dada. Inshaallah."

Sikuelewa uzito wa agizo lile mpaka nilipofika Mpapura. Nilikuta mama mmoja amefariki alfajiri, na hadi alasiri alikuwa hajaoshwa. Mwoshaji alikuwa kijiji cha mbali. Chumbani walikaa wanawake kama kumi, kila mmoja akimtazama mwenzake, hakuna aliyethubutu kuanza. Hawakuwa watu wa kupuuza dini. Waliogopa kumkosea marehemu. Nilikaa nje ya dirisha, nikawasomea kitabu mstari kwa mstari, wao wakafanya. Pale ambapo Kimgao kiliwashinda nilieleza kwa Kiswahili cha kawaida, na bibi mmoja aliyekuwa ndani akawageuzia wengine kwa Kimakonde. Tangu siku ile nikaapa kwamba nakala zitapatikana.

Hazikupatikana kwa urahisi. Kwanza nilijaribu shule ya msingi, ambako mwalimu mkuu alikuwa na mashine ya kurudufu kwa stensili. Kwa taipu isingewezekana, maana herufi zetu hazimo, kwa hiyo nilichora stensili, ile karatasi ya nta, kwa ncha ya msumari. Lakini herufi za Kiarabu zina nukta nyingi, na kila nilipoweka nukta, stensili ilitoboka. Ukurasa wa kwanza ulitoka umejaa madoa meusi kama mtu mwenye ndui. Mwalimu mkuu aliutazama, akaniambia kwa upole, "Shehe, nenda Chuno. Kuna dada amefungua steshenari, ana fotokopi."

Nikaenda Chuno. Enzi zile umeme wa Mtwara ulikuwa wa kubahatisha. Nilikwenda siku ya kwanza, haupo. Siku ya pili ulikuwepo, lakini ukakatika nilipovua viatu mlangoni. Siku ya tatu mwenye duka, mwanamke mnene mwenye sauti ya kumwahi kila mtu kabla hajaingia, alinipigia kelele kutoka ndani.

"Shehe, ingia! Upo! Ingia kabla haujabadili nia!"

Nilitaka nakala saba. Mashine ilikuwa ya zamani, inanguruma na kutoa joto la tanuri. Kila karatasi ilibeba kurasa mbili zinazotazamana. Karatasi nyingine zilitoka zimepinda, nyingine zilikunjamana tumboni mwa mashine, nyingine zilikatwa ukingoni. Dada wa duka alizitupa katika boksi chini ya meza na kurudia. Nakala sita zilitoka vizuri. Ya saba wino wa unga ulikuwa unakwisha, ikatoka nzima kwa rangi ya majivu, hafifu kama kivuli. Nayo akaitupa boksini.

"Sita zinakutosha," alisema. "Wino mpaka uletwe kutoka Dar."

Nilikuwa nazihesabu karatasi zangu aliposimama mlangoni mzee muuza karanga. Aliinama bila kuuliza, akachota mkono mzima wa karatasi kutoka boksini, akaaga, akaondoka. Ilinichukua muda kuelewa. Wauza karanga wote wa mtaa ule walipata karatasi zao za kufungia dukani hapo.

Nilitoka na kukimbia peku. Nilimkuta stendi ya magari, amekwisha kuzungusha karatasi tano kuwa pembe za kutilia karanga. Nilimweleza nikihema. Alikuwa Mwislamu mwenzangu. Alizitazama karatasi, akashtuka, akamwaga karanga zake zote kwenye sinia akanirudishia karatasi.

"Nisamehe, shehe. Sikutazama. Ila moja nimeshauza."

"Kwa nani?"

Alinyoosha kidole. Lori la Newala lilikuwa linapanda barabara, na abiria wake nyuma wakitafuna.

Nilirudi dukani nikiwa na hasira ambayo siionei haya hadi leo.

"Nipe karatasi zangu, dada. Zote. Hata zilizochanika."

"Shehe, hizo ni takataka."

"Si takataka. Zina jina la Mungu."

"Mimi sijui kusoma hayo. Na boksi hilo nimeshawaahidi watu."

"Basi nitawasubiri hao watu hapa hapa, niwaeleze mmoja mmoja."

Nikakaa kwenye ngazi ya duka. Wateja waliruka miguu yangu kuingia na kutoka. Kijana mmoja aliyeleta barua ya kunakiliwa akasema kwa sauti, "Huyu ni shehe wa makaratasi," na jina hilo likanishika Chuno nzima kwa miaka. Nilimjibu, "Ndiyo mimi. Na yako ukiiharibu nitaiokota." Adhuhuri ikaingia, nikaswali pale pale ngazini. Alasiri ikakaribia. Dada wa duka alitoka mara tatu kunitazama. Mara ya nne alitoka na boksi, akalimimina lote miguuni kwangu, pamoja na risiti za watu na barua za watu.

"Chagua!" alisema. "Chagua, uniondokee! Wateja wanadhani nimekudhulumu!"

Nilichagua moja moja. Zilipotimia nikamshukuru, naye akaguna. Lakini hatukuwa tumemalizana, kwa sababu alipozifunga zile nakala sita njema, alizipiga pini upande wa kushoto.

"Dada, zitafunguka kinyume. Mwanzo umekuwa mwisho."

"Vitabu vyote duniani vinafunguka huku."

"Si vyote."

"Leo Mungu kaamua kunijaribu," alisema, akatafuta bisibisi, akaanza kung'oa pini.

Sheria ya karatasi zenye maneno matukufu, zikishaharibika, ni kuzichoma kwa heshima au kuzizika mahali pasafi pasipokanyagwa. Naijua na nimeifundisha. Nilipofika Msimbati nilikoka moto mdogo wa makuti, mbali na njia za watu, nikafungua mfuko wa turubai nilimoziweka. Ya kwanza niliyoishika ilikuwa imepinda, lakini mwandiko wa mwalimu wangu ulikuwa ule ule, na ile tabia yake ya kuivuta herufi ya mwisho kama mtu anayejinyoosha. Sikuweza. Nikazima moto kwa mchanga. Nilijiambia nitazichoma safari ijayo, na safari ijayo nikajiambia vivyo hivyo.

Kwa hiyo nilizibeba. Mfuko ulining'inia kwenye usukani, juani na vumbini. Nakala njema niliziacha vijijini, moja moja, mikononi mwa wanawake. Wenyeji wangu waliuona mfuko na kunitania.

"Mwalimu, humo mna nini hata hutaki kuushusha? Dhahabu?"

"Makosa."

"Makosa ya nani?"

"Ya mashine."

"Na yako umeyaweka wapi?"

Swali hilo lilikuwa la mzee mmoja wa Mpapura, mkulima wa korosho, mwenye nyumba niliyofikia mara nyingi kuliko zote. Alikuwa na ulimi mkali na moyo mweupe. Nilicheka tu. Jibu lilikuja baadaye, tena kwake.

Miaka ilipita. Nilipaswa kukirudisha kitabu cha asili mara nilipopata nakala. Sikukirudisha. Kila nilipopita Mikindani nilimwambia dada kwamba bado nakitumia, na kweli nilikitumia, lakini ukweli zaidi ni kwamba nilikipenda. Nilikuwa nimekizoea kama mtu anavyozoea fimbo. Masika ya mwaka mmoja, yenye mvua kubwa, niliona si haki kukisafirisha, nikakiacha Mpapura kwa yule mzee, ndani ya kasha la mbao. Mchwa walikuwa wengi mwaka ule. Mzee akaniambia, "Paka kasha mafuta ya maganda ya korosho. Nguzo zangu hizi nimezipaka tangu uhuru, mchwa hawasogei."

Mafuta hayo kila mtu wa kwetu anayajua. Ni meusi, mazito, na yakikugusa ngozi inababuka. Mzee alinipa kopo na kipande cha gunia. Nilipaka nje ya kasha. Kisha, kwa bidii yangu, nikapaka na ndani. Nikaliacha likauke siku moja. Mafuta yale hayakauki siku moja, na mtu yeyote wa Mpapura angeniambia kama ningeuliza. Sikuuliza. Nilikifunga kitabu kwa kitambaa cheupe, nikakilaza ndani, nikafunga kifuniko, nikaenda zangu vijiji vya mtoni.

Niliporudi, kitambaa kilikuwa cheusi. Kitabu kilikuwa kimekunywa mafuta kutoka pande zote, kurasa zimeshikana kama tofali. Nilijaribu kuutenganisha ukurasa wa kwanza, ukavunjika mkononi mwangu, na vidole vikaniwasha siku tatu. Mzee alikaa chini sakafuni. Hakunitania.

"Hukupaka ndani, sivyo?" alisema.

"Nilipaka ndani."

Akafunika uso kwa mikono. Hapo ndipo nilipojua makosa yangu nilikuwa nimeyaweka wapi.

Nikaanza kuzifuata zile nakala sita. Nilikwenda kijiji kwa kijiji. Mbili zilikuwa zimelowa hadi zikawa uji, kwa sababu kitabu cha kuoshea maiti hukaa karibu na maji. Moja ililiwa na mchwa. Moja ilivuka Ruvuma na mama aliyeitunza, alipoolewa upande wa Msumbiji, na hakuna aliyejua alipofikia. Mbili za mwisho niliambiwa ziko kwa mwenyekiti wa kamati ya madrasa za upande ule. Nilifurahi, nikaenda kwake siku hiyo hiyo.

Mwenyekiti alikuwa mtu mdogo kwangu kwa umri, msomi, msafi, mwenye kabati la vitabu vilivyochapwa vizuri. Alinikaribisha chai.

"Zile nilizikusanya," alisema. "Nikazichoma, shehe. Kwa adabu zote. Zilikuwa zimechakaa, tena lugha yenyewe watu hawaielewi. Nimewapa kitabu cha kisasa."

"Wanawake wanakisoma?"

"Watazoea."

Nikamweleza yaliyokipata kitabu cha asili. Akatikisa kichwa kwa huruma, na naamini huruma ilikuwa ya kweli. Kisha akasema neno ambalo hadi leo naliona lilikuwa kubwa kuliko yeye.

"Basi Mungu ameshaamua. Kitabu cha maziko kimejizika chenyewe. Kubali, shehe. Kubali ndiyo imani."

Nikaweka kikombe chini.

"Mafuta nimepaka mimi, si Mungu," nikamwambia. "Mbili umechoma wewe, si Mungu. Usimsemee Mwenyezi Mungu kwa jambo tulilolifanya sisi kwa mikono yetu. Nitakubali siku nitakapokuwa nimemaliza kutafuta."

"Utatafuta wapi?"

Nilitoka nikaishika baiskeli, na mfuko wa turubai ukanigonga goti.

Nawaambia kweli, nilikuwa nimeusahau kama mtu anavyosahau vazi alilolivaa. Nilikaa chini pale pale nje ya nyumba ya mwenyekiti, nikaufungua. Ile nakala ya saba, ya rangi ya majivu, ilikuwemo. Na zile zilizopinda zilikuwemo, zilizokunjamana, zilizokatwa ukingoni, na zile pembe nne za karanga, bado zina chumvi. Sikucheka wala sikulia. Nilisema alhamdulillahi mara nyingi hata mwenyekiti akatoka kutazama kama mimi ni mzima.

Lakini kwanza nilikwenda Mikindani, kwa sababu deni la ahadi haliwezi kusubiri. Nilimwekea dada kile kitabu cheusi mkekani. Aliugusa ukingo wake, akanusa vidole.

"Korosho," alisema.

"Mimi, dada. Nilitaka kukilinda."

Alivifuta vidole kwenye kanga. Kisha akasema, "Ulisema kitarudi, kimerudi. Sikukuwekea sharti la hali." Nikaona machozi yake na tabasamu lake kwa pamoja, na sijui kipi kiliniumiza zaidi. "Na huo mfuko?"

Nilipomweleza, aliinuka na kujifunga kanga. "Twende Chuno," alisema. "Nataka nimwone huyo mwanamke uliyemkalia ngazini."

Wakati huo tulikuwa tumevuka kidogo katikati ya miaka ya elfu mbili. Umeme wa gesi ya Mnazi Bay ulikuwa umeanza kutufikia, na steshenari ya Chuno ilikuwa na kompyuta mbili, printa, na skana, kile kisahani bapa cha kioo chenye kifuniko. Mwenye duka alikuwa ameota mvi. Alituona tu akapiga kofi mezani.

"Shehe wa makaratasi! Sasa umekuja na ushahidi?"

Nilimimina mfuko. Alizitazama karatasi zake mwenyewe alizozitupa miaka mingi nyuma, moja baada ya nyingine. Kisha akafunga nusu ya mlango, akatandika mkeka sakafuni, na sisi wazee watatu tukapiga magoti kuzipanga. Dada alizisoma kwa kugusa mstari, mimi nikazihesabu, mwenye duka akazinyoosha kwa kiganja na kuzilaza kwenye kioo. Penye nakala ya majivu isiyosomeka, tulitafuta iliyopinda. Penye iliyokatwa ukingo, tulitafuta iliyokunjamana, na yeye akaziunganisha kwenye kompyuta, nusu ya hii na nusu ya ile. Kazi hiyo ilichukua siku sita. Jioni nilirudi kwa mwenyeji wangu na karatasi za kesho, nikazilaza chini ya godoro ili zinyooke kwa uzito wangu.

Kila siku mwenye duka aliihifadhi kazi kwenye flashi, na kwa kuwa mimi sina kabati, niliitia uzi nikaivaa shingoni. Watu wa msikitini wakaiona ikichungulia kwenye kola ya kanzu.

"Shehe, si wewe uliyetuambia hirizi haifai?"

"Haifai."

"Na hiyo?"

"Hii ina kitabu ndani."

"Hata hirizi ina maandishi ndani!"

Niliitoa flashi nikawaonyesha kwamba inafunguka, wakacheka mpaka imamu akatunyamazisha.

Siku ya sita tulikuwa na karatasi thelathini na tano. Ilipungua moja. Tuligeuza mfuko ndani nje. Dada alisoma iliyotangulia na iliyofuata, akaijua. Ilikuwa ile ya kumwosha mtu aliyekufa maji. Ndiyo iliyokwenda Newala na karanga.

Nilikuwa nimeisoma mara nyingi, lakini niliisoma tu, sikuihifadhi, kwa sababu mtu anayebeba kitabu hukiachia kitabu kazi ya kukumbuka. Dada alifumba macho akaanza kuisoma kwa moyo, kwa sauti ya baba yake kabisa, na mimi nikaandika. Tulifika ukurasa wa pili, katikati. Akasimama.

"Endelea, dada."

"Hapa ndipo mwisho wa uhakika wangu. Yanayofuata nayajua kwa mikono. Nimeosha waliokufa maji, najua la kufanya. Lakini maneno ya baba siyajui."

"Niandike unavyofanya?"

"Andika kwingine, kwa jina langu. Hapa usiandike."

Mwenyekiti alipata habari, akaja dukani mwenyewe. Alikuwa amesimama nyuma yetu kwa muda. "Chukueni maelezo ya kitabu cha kisasa mkajazie hapo," alisema. "Hukumu ni ile ile. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua," nikasema. "Nikiandika neno hapo, nitakuwa nimemtia mwalimu wangu mdomoni neno ambalo hakulisema, na hawezi tena kunikanusha. Patabaki peupe."

"Nusu ukurasa mtupu? Watu watacheka."

"Wacheke. Walicheka nilipokaa ngazini pia."

Mwenye duka akachapa nakala ya kwanza, kisha ya pili. Aliziweka sawa, akachukua mashine ya pini, na kabla sijafungua mdomo alizigeuza na kuzipiga upande wa kulia.

"Najua," alisema. "Usinitazame hivyo. Najua."

Nilianza safari tena na nakala za kutosha, kila moja katika mfuko wa nailoni, na nikawaomba wanawake wazining'inize mbali na maji. Mpapura ilikuwa ya kwanza. Yule mzee wa korosho aliinusa nakala yake kabla ya kuipokea, akanitazama. Tukasameheana bila kusema. Kitabu cheusi tulikizika na dada mahali pasafi, kando ya kaburi la mwandishi wake, na karatasi zilizobaki mfukoni nilizichoma hatimaye, kama sheria inavyotaka, na mkono haukugoma. Mwenyekiti naye alikuja kuomba nakala, mchana, mbele za watu. Nilimpa mbili, kwa kuwa alizichoma mbili. Aliifungua moja palipo peupe, akapapitishia kidole.

"Bado hamjaandika."

"Bado hatujui."

Hapakuandikwa hadi leo. Mwanamke akifika hapo katika kusoma, hukiweka kitabu kando, kisha hufanya kama dada alivyowafundisha kwa mikono.

Ewe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhi safarini na nyumbani. Akujaalie mtu wa kukuogesha kwa maji vuguvugu na mikono ya huruma siku yako itakapofika, mtu asiyetoka mlangoni na siri zako. Na lile ulilokabidhiwa, akusaidie kulirudisha, hata kama ni kwa vipande. Amin.